Kutoka Lubumbashi hadi Kigoma: jinsi ya kwenda kuiona Liemba, manowari ya zamani ya Ziwa Tanganyika

Duniani kuna manowari nyingi za zamani zilizofungwa gatini, zikapakwa rangi na kufanywa makumbusho. London kuna HMS Belfast, imetia nanga kwenye Mto Thames, na tangu 1971 watu wanakata tiketi, wanapanda na kushuka sitaha zake tisa, wanaingia mpaka kwenye boila. Ni ziara nzuri kwa mwenye viza, tiketi ya ndege na koti la baridi. Lakini huku kwetu, kwenye ziwa ambalo Kongo inachangia na Tanzania, Burundi na Zambia, kuna meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafungwa mzinga, ikatisha Wabelgiji waliokuwa Kalemie, ikazamishwa, ikaibuliwa, ikazama tena, ikaibuliwa tena, halafu ikabeba mahindi, dagaa na wakimbizi kwa miaka na miaka. Inaitwa Liemba, na nyumbani kwake ni bandari ya Kigoma.

Liemba haijafanywa makumbusho. Usitegemee dirisha la tiketi, kibao cha maelezo wala kijana wa kukutembeza na kipaza sauti. Asiyejiandaa anafika Kigoma, anatazama chuma kikubwa chenye kutu hapa na pale, anapiga picha mbili, anakwenda kula samaki. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Na sisi wa Lubumbashi tuna bahati moja ambayo hata watu wa Kigoma hawana: nusu ya hadithi ya meli hii ilipita kwenye reli yetu.

Kwanza: anzia gare

Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, enzi hizo Elisabethville, mwaka 1910. Tarehe 26 Julai 1915 ikaleta mzigo ambao mji haukuwahi kuuona: boti mbili za mbao za jeshi la majini la Uingereza, kila moja na urefu wa kama mita 12, zimelazwa juu ya mabehewa. Zilikuwa zimetoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, kisha zikapanda reli kupitia Bulawayo. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, na anayejua Kifaransa cha watoto ataelewa kwamba ni paka na mbwa wale wale, na kwamba yule bwana alishinda ubishi.

Boti za vita zilitafuta nini Katanga, mahali pasipo na bahari? Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Agosti 1914 meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiacha haifai kazi. Kuanzia hapo Wajerumani walivusha askari na mizigo watakavyo, na Kigoma walikuwa wanaunganisha meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, hiyo hiyo tunayoiita Liemba leo. Mwindaji wa tembo mmoja, John Lee, ndiye aliyewapelekea Waingereza wazo la kuleta boti za kasi kwa kupitia Kongo.

Reli wakati huo iliishia Fungurume. Pale pale ambapo leo malori ya shaba na kobalti yanapishana usiku kucha, boti zilishushwa, zikafungwa nyuma ya matrekta ya mvuke na nira za ng'ombe, zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa kilomita zaidi ya 230 mpaka Sankisia. Barabara haikuwapo, ilikatwa porini, na kila kijito kikajengewa daraja la magogo. Matrekta yalikunywa maji kuliko ng'ombe, na waliobeba maji hayo, waliokata miti, waliosukuma magurudumu yalipozama, ni watu wa vijiji vya huko. Majina ya maofisa tunayo yote. Ya hao hatuna. Kutoka Sankisia zikaenda kwa reli fupi hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda reli tena hadi karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, Kalemie ya leo. Mwisho wa Oktoba 1915 zilikuwa zimefika.

Kazi yako kabla ya kufunga mkoba ni hii: chukua ramani ya Katanga ya karatasi, tia alama Lubumbashi, Fungurume, Sankisia, Bukama, Kabalo, Kalemie. Siku ukienda Kolwezi kwa shughuli zako, simama Fungurume dakika chache uangalie vilima vya upande wa kaskazini. Gare ya Lubumbashi itazame kwa macho tu. Simu iache mfukoni, maana kupiga picha gare, daraja, bandari au uwanja wa ndege bila karatasi ya ruhusa ni kujitafutia mazungumzo marefu na watu wa usalama, na mazungumzo hayo hayaishi bure.

Pili: karatasi na pesa

Hapa nitaharakisha. Pasipoti iliyo hai kwa miezi sita au zaidi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ya kweli, siyo ya kununuliwa mlangoni mwa kituo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na masharti ya viza kati yetu na majirani yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo usiamini alichokuambia shemeji aliyesafiri zamani: nenda konsula ya Tanzania hapa Lubumbashi, na kama utapita nchi kavu pitia pia ya Zambia, uulize ya mwezi huu. Ukiwa na mtoto asiye wako wa kumzaa, beba barua ya wazazi wake iliyogongwa muhuri, pamoja na cheti cha kuzaliwa. DGM, watu wa uhamiaji wa Kongo, watauliza.

Dola ziwe mpya, hazijachanika hata kidogo wala kuandikwa. Tanzania utalipa kwa shilingi, dukani na hotelini, basi badilisha benki au kwenye duka lenye leseni. Wale vijana wa mpakani wanaokunja noti haraka waachie wengine. Na saa: Kigoma iko saa moja mbele yetu. Tena Mtanzania akikuambia boti inaondoka saa mbili asubuhi, anamaanisha 8h00 ya kwenye simu yako. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa hukaa gatini tangu alfajiri, au anafika meli imekwisha kuwa nukta kwenye maji.

Tatu: chagua njia

Njia ni mbili, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni Kalemie. Unaweza kuruka kwa ndege, na kwa mwenye uwezo ndiyo ninayoishauri, kwa sababu barabara ya kupitia Pweto na Moba ni ya udongo na kati ya Novemba na Aprili inaweza kula wiki yako nzima. Kuna na reli, kupitia Kamina na Kabalo, ambayo ni nzuri sana kwa mtu asiye na tarehe ya kurudi. Kalemie ndipo hadithi inapokutana na maji. Mkesha wa Krismasi ya 1915 Mimi na Toutou zilikuwa zimeshushwa ziwani karibu na hapo. Tarehe 26 Desemba meli ya Kijerumani Kingani ikaja kuchungulia, boti zikatoka nyuma yake, na katika dakika kama kumi na moja Kingani ikawa imetekwa. Ikatengenezwa, ikapewa jina la Fifi, ikawageuzia mizinga Wajerumani wenyewe: tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ukiwa na siku ya kusubiri boti, tembea mpaka mahali Lukuga inapotoka ziwani. Ndio mto pekee unaotoa maji ya Tanganyika, na ukisimama hapo unaelewa kwa nini Wabelgiji walijichimbia upande ule.

Kutoka Kalemie, boti za mizigo huvuka kwenda Kigoma. Ratiba yake ni ya mizigo, siyo yako. Ulizia bandarini, siyo kwa wapiga debe wa nje, na kabla ya kulipa angalia vitu vitatu kwa macho yako: majaketi ya kuokolea yapo na yanatosha, mstari wa mzigo ubavuni uko juu ya maji, na nahodha ana redio inayosema. Boti ikijazwa mpaka maji yanalamba ukingo, shuka, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii ya karibuni na sehemu za ufuko wa Kalemie zimeingia majini, kwa hiyo mahali pa kupandia panaweza kuwa si pale ulipopazoea.

Njia ya pili ni ya wale wasiopenda maji: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde na Tunduma, halafu Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, Kigoma. Ni ndefu mno, lakini mpaka Tunduma ni barabara ambayo nusu ya Lubumbashi ina ndugu dereva anayeijua kila kona. Mwenye gari lake na muda anaweza kuchepuka Mpika kwenda Kasama na Mpulungu, bandari ya Zambia, ambako Liemba ilikuwa inamalizia safari zake. Karibu na hapo, upande wa Tanzania, ni Kasanga. Wajerumani waliiita Bismarckburg na walikuwa na ngome hapo. Götzen ilikuwa ikishusha askari hapo kwa mamia.

Nne: chagua siku

Wazazi wengi wataka kwenda likizo ya Julai na Agosti, watoto wakiwa nyumbani. Kwa barabara ni vizuri, kavu kabisa. Kwa ziwa si vizuri hata kidogo: ndiyo miezi ya upepo wa kusini-mashariki, na ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 likipigwa na upepo kwa urefu wake linainua mawimbi ya bahari. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, pita nchi kavu au vuka kwa chombo kikubwa. Septemba mara nyingi upepo umelegea na mvua haijaanza. Kwa mtu asiye na mtoto wa shule, mimi ningechagua hapo.

Tano: omba ruhusa, tena mapema

Liemba iliachishwa kubeba abiria kwa ajili ya matengenezo makubwa, na meli iliyo kwenye matengenezo ni karakana: leo iko wazi, kesho imezibwa, keshokutwa imehamishwa. Kabla ya kununua tiketi yoyote andika barua kwa mkuu wa bandari ya Kigoma na kwa kampuni ya serikali ya Tanzania inayomiliki meli za maziwa. Barua fupi: nani, wangapi, kutoka wapi, tarehe gani, mnataka kuona nini. Kwa Kiswahili. Utashangaa jinsi barua ya Kiswahili kutoka Kongo inavyofungua milango ambayo barua ya Kiingereza ya mtalii inagonga tu.

Ukifika, nenda na nakala ya barua hiyo, salimia kwanza, kaa ulipoambiwa ukae. "Shikamoo" kwa kila aliyekuzidi umri, hata mlinzi wa geti. Huku kwetu hatuizoei sana, lakini Kigoma asiyeamkia wakubwa anaonekana hana wazazi. Eleza shida yako taratibu. Ukiambiwa "subiri kidogo", subiri kweli. Usitoe pesa ya kificho kwa mtu wa geti: kama kuna ada, iwe na risiti. Na kama jibu ni hapana, usibishane, kwa sababu meli ya mita 71 haifichiki. Unaweza kuitazama vizuri sana kutoka sehemu za juu za mji na kutoka majini, kwa boti ndogo ya kukodi, ukikaa mbali na eneo la bandari kama utakavyoelekezwa.

Sita: jinsi ya kuitazama

Hapa ndipo nataka ukae sana.

Anza kwa mbali. Urefu wake ni mita 71 na kitu, upana kama mita 10. Sasa fikiria kwamba hiyo yote ilikuja ndani ya masanduku. Iliundwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikaunganishwa kwa bolti ili kuhakikisha kila kipande kinakaa, ikafunguliwa yote, ikafungwa katika masanduku kama 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam. Reli ya kutoka pwani ilikuwa imefika Kigoma mapema 1914, ikayaleta. Mafundi watatu Wajerumani waliosafiri nayo, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia kazi ya kuiunganisha upya, wakisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika. Vita vilianza kazi ikiendelea. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915 na Juni ikaanza kazi, ikiwa na jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyeizima Maji Maji kwa damu. Jina hilo lilikuja kufutwa, na sioni aliyelilia.

Sasa sogea karibu, mpaka ubavuni. Tafuta ribiti. Ni vichwa vya mviringo vya chuma, mstari baada ya mstari, vinavyoshika bamba juu ya bamba. Kila kimoja kilichomwa mpaka kikawa chekundu, kikaingizwa tunduni kikiwa laini, kikagongwa kichwa upande wa pili na watu wawili, na kilipopoa kikajivuta na kubana mabamba mawili yasipitishe tone la maji. Mabamba ya zamani yanapandana kidogo ukingoni, na ukipitisha kidole unahisi ngazi ndogo. Bamba lililobadilishwa baadaye halina vichwa hivyo: limechomelewa, mshono wake ni tuta moja jembamba lililonyooka. Mchomeleaji yeyote wa Katuba, hapa Lubumbashi, ataonyesha tofauti kwa kutupa jicho mara moja. Kwa njia hiyo unaweza kuisoma meli bila kibao chochote: hapa ni 1914, hapa ni ukarabati, hapa ni ukarabati juu ya ukarabati. Ukipewa ruhusa ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo.

Nenda mbele, kwenye omo. Hapo ndipo ulipokaa mzinga wa milimita 105. Haukutengenezewa meli hii. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, ambayo Waingereza waliibana kwenye delta ya Rufiji mpaka ikamalizika Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake yote kumi, wakaisambaza koloni nzima, mmoja ukapanda treni kuja Kigoma. Mizinga ya Mimi na Toutou ilikuwa ya milimita 47. Ndiyo maana Spicer-Simson, aliyewinda Kingani na Hedwig kwa bidii, hakutaka kabisa kukutana na hii kubwa. Kilichomchekesha kila mtu baadaye ni kwamba kufikia katikati ya 1916 mzinga ule ulikuwa umekwisha kung'olewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Adui aliendelea kuiogopa miti.

Wabelgiji hawakungoja kujua. Walikuwa wameletewa ndege za kutua majini aina ya Short, wakazificha upande wetu wa ziwa, na kuanzia Juni 1916 wakaanza kudondosha mabomu bandarini Kigoma. Mmoja wa marubani wale, Aimé Behaeghe, alifia Niemba, barabara ya kutoka Kalemie, mwaka huo huo. Julai majeshi ya Kongo yaliikaribia Kigoma kwa nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, kwa utaratibu: wakaijaza mchanga ishuke wima, na kabla ya hapo mafundi wake wakaipaka injini grisi nzito kila mahali. Waliamini watarudi.

Kwa hiyo ukiteremka chumba cha injini, na ukiruhusiwa teremka, jua unachokitafuta. Injini za mvuke zilizopakwa grisi hazipo tena. Ziliondolewa miaka ya 1970 na dizeli ikachukua nafasi yake. Lakini ile grisi ndiyo iliyoiokoa meli. Wabelgiji waliiibua 1918, ikazama tena kwa dhoruba 1920. Waingereza wakaiibua Machi 1924, miaka karibu minane tangu ilipozamishwa mara ya kwanza, wakakuta mashine zinafaa kusafishwa na kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi ikiwa Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini.

Kuhusu kuteremka kwenyewe: ngazi za meli ni kali. Shuka ukiwa umeielekea ngazi, siyo kama unavyoshuka ngazi za nyumba, mikono miwili imeshika, mkoba mgongoni. Kila mlango una kizingiti kirefu cha kuzuia maji, nyanyua mguu. Chuma kilichopigwa na jua la mchana huunguza kiganja. Vaa viatu vilivyofungwa na suruali. Mama mwenye kikwembe akifunge vizuri au avae suruali chini yake. Mahali mafundi wanapochomelea usiangalie mwanga, na mtoto asiachwe hata hatua moja mbele yako.

Uliza wazee. Kigoma imejaa mabaharia wastaafu wa Liemba, na mmoja wao akikubali kukaa na wewe kwa chai, umepata makumbusho yote. Usiulize "meli ina miaka mingapi", hilo unalijua. Uliza ilikuwaje kupakia abiria usiku katikati ya maji. Kati ya Kigoma na Mpulungu vituo vingi, kama Lagosa, Karema, Kirando, Kipili, havikuwa na gati la kuegesha meli hiyo; Liemba ilipiga honi, mitumbwi ikaja mbio gizani, watu wakapanda kwa mlango wa ubavuni huku kuku, magunia na watoto wachanga wakirushwa kutoka mkono hadi mkono. Uliza pia juu ya wakimbizi. Mwaka 1997 ilirudisha maelfu kwa maelfu ya Wakongo kutoka Kigoma kwenda Uvira, na mwaka 2015 ilikuwa inakwenda na kurudi Kagunga kuwachukua Warundi waliorundikana ufukweni. Kuna Wakongo ambao picha yao ya kwanza ya meli hii ni usiku ule waliolala juu ya sitaha yake, wala hawajui kama ilikuwa ya vita. Kwangu mimi sehemu hii ina uzito kuliko mzinga.

Saba: yaliyobaki Kigoma

Siku moja inatosha. Stesheni ya treni, mwisho wa reli ya kati, iko karibu na bandari: itazame ukikumbuka yale masanduku 5,000. Gati la mizigo ya Kongo lina kisa chake, kwani kwa mapatano ya 1921 Wabelgiji walikodishiwa maeneo Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ili shaba na bidhaa za Kongo zipate njia ya bahari. Faranga moja. Ujiji iko kilomita chache kusini, daladala zipo wakati wote. Pale kuna makumbusho ya Livingstone na Stanley, waliokutana 1871, na maelezo ya njia ya misafara ya watumwa na pembe iliyotoka upande wetu wa ziwa. Sanamu za wale mabwana wawili zimevua kofia kwa heshima nyingi. Sehemu ya watumwa ndiyo ya kukaa nayo zaidi.

Ukileta wanafunzi

Wasizidi kumi kwa mtu mzima mmoja, na ndani ya meli wagawe makundi madogo zaidi. Kila mtoto apewe kazi moja ya kutafuta: mmoja mabamba ya ribiti, mwingine mishono ya kuchomelea, mwingine ngazi, mwingine mahali pa nanga. Usiwape karatasi yenye maswali ishirini. Wataikodolea macho karatasi badala ya meli. Mtihani mzuri ni wa kurudi nao: kila mmoja achore meli kwa kumbukumbu, kisha aonyeshe ni wapi ilipigwa, wapi ilizibwa. Kisa cha zile boti Mimi na Toutou wafundishe kabla ya safari, kwenye ramani ya Katanga, maana Kigoma watu hawatazungumzia Fungurume.

Kurudi

Tenga siku mbili za ziada. Boti itachelewa au mpaka utajaa malori. Picha zihamishie mahali pengine usiku huo huo, kabla ya kuvuka, na kama ulipiga picha ndani ya bandari beba ile barua ya ruhusa mpaka mlangoni kwako. Dagaa nunua Kibirizi siku ya mwisho asubuhi, waliokauka mpaka wanavunjika mkononi; wabichi kidogo tu watanukisha basi zima na abiria watakuchukia kuanzia Uvinza. Migebuka wa kukaushwa ni wazuri zaidi kwa bukari, yaani ugali, ila wanachukua nafasi. Funga kwenye gunia la nailoni mara mbili, omba risiti, na Kasumbalesa au Kalemie uwatangaze mwenyewe kabla hujaulizwa: kilo chache za nyumbani hazina shida, gunia tatu ni biashara, na za biashara zina karatasi zake.